Posa ya Jogoo

Mouhidine alijua hasa watu hucheka wapi. Filamu ile ya katuni alikuwa ameionyesha mara nyingi katika ukumbi wa Moroni, miaka ya kabla ya uhuru: jogoo mwenye maringo anaposa tetea zizini, anapigwa teke na punda, anarudi na msafara mzima. Bata wamebeba masinia, mbuzi anapiga ngoma, na bibi harusi kafunikwa kitambaa cha meza. Hapo watu walikuwa wakiangua kicheko mpaka mashine yenyewe haisikiki.

Kwa sababu ya kicheko hicho dada yake, Hayati, alimwita aje na filamu yake mjini kwake Mutsamudu, kisiwa cha pili.

Uhuru ulikuwa na miaka miwili, na serikali ya mapinduzi ilikuwa imepiga marufuku harusi kubwa. Ati ni ubadhirifu. Huenda ni kweli, lakini nenda kamwambie hivyo Inzoudine, mume wa Hayati, aliyebeba magunia bandarini tangu hajaota ndevu, ili siku moja amwoze bintiye Zaitoun mbele za watu na yeye mwenyewe ahesabiwe mtu mzima mjini. Kamati ya vijana ilimwambia binti aolewe kimya kimya, kana kwamba kuna aibu ya kufichwa.

"Nikahi tumeruhusiwa, kaka," Hayati alisema. "Lakini bwana harusi avuke kizingiti bila vigelegele? Hiyo harusi au matanga?"

"Vipigeni," alijibu Mouhidine. "Mimi nitakuwa hapo uwanjani. Mkisikia ngoma ya mbuzi, mwingizeni. Uwanja mzima utakuwa unacheka, nani atawasikia?"

Zaitoun, hina mikononi bado mbichi, alimtazama. "Mjomba, na wakicheka kidogo?"

"Hawajawahi kucheka kidogo, mwanangu."

Basi baada ya isha shuka nyeupe ikatundikwa uwanjani, hatua thelathini tu kutoka nyumba ya Inzoudine. Kwanza zikaonyeshwa filamu za serikali za kilimo, watu wakapiga miayo. Kisha jogoo akatokea. Combo, mkuu wa kamati, kijana wa miaka ishirini mwenye bunduki nyingi kuliko busara, alikaa mstari wa mbele. Punda alipotupa teke, watu wakacheka, Combo naye akacheka. Mouhidine akashusha pumzi.

Ngoma ya mbuzi ikalia. Bata wakatoka na masinia vichwani. Tetea akafunikwa kitambaa chake.

Uwanja ukanyamaza.

Mama mmoja akavuta pindo la shiromani aliyojitanda akajifuta macho. Mwingine akasema polepole, bila kumwambia mtu, "Hata kuku wanaozwa."

Kule Moroni watu walicheka kwa sababu kila mtaa ulikuwa na harusi zake. Hawa walikuwa wakitazama kitu walichonyang'anywa, na Mouhidine mpumbavu hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja.

Vigelegele vikapasua ukimya, virefu, vya furaha, kutoka nyumba ya Inzoudine.

Mouhidine akaanza kucheka peke yake. Alicheka kwa nguvu zake zote, akijipiga mapaja, machozi yakimtoka. Combo akageuka akamtazama. Kisha akaitazama ile nyumba.

Vijana wa kamati walipovunja mlango, bwana harusi aliruka ukuta wa nyuma na hakuonekana tena. Dhahabu ya Hayati ilichukuliwa yote.

"Umefanya kazi nzuri, ndugu," Combo alimwambia Mouhidine, akimpigapiga begani. "Bila filamu yako tusingewajua."

Asubuhi Inzoudine alipitishwa mitaani mpaka bandarini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, jogoo hai kafungwa shingoni pake. Zaitoun alitembea nyuma yake, kichwa wazi. Wapagazi waliofanya kazi na Inzoudine miaka yote walipangwa pembeni ya njia watazame. Walikaza midomo, maana walimpenda. Lakini jogoo akampiga mabawa ya uso, akapanda juu ya ule upara, akawika.

Mmoja akashindwa kujizuia. Wa pili akamfuata. Mara bandari nzima ikawa inacheka, kicheko kile kile cha Moroni, ambacho kingeweza kumeza vigelegele vya harusi kumi. Zaitoun akainua macho, akamtafuta mjomba wake katikati ya watu, akamwona.