Klachi ya Molu

"Sikugusa breki ya nyuma. Wallahi sikugusa."

Molu alilisema hilo tangu walipomwokota mtaroni karibu na Idsowe, kiwiko kimechubuka na shati limepasuka. Aliwaambia waliokuja na pikapu. Akamwambia polisi. Akamwambia mama yake Sadik, yule rafiki yake aliyekuwa amekaa nyuma yake na ambaye sasa mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Hakuna aliyemwamini, maana watu waliokuwa na ng'ombe pale waliona kwa macho yao: gurudumu la nyuma liliacha kuzunguka, likaanza kurukaruka, pikipiki ikalala. Gurudumu halisimami lenyewe. Mtu amelisimamisha.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Garsen, na Molu ni mtoto wa jirani yangu. Sikusema anadanganya, wala sikusema anasema kweli. Nilikuwa sijaiona pikipiki.

Hamdia, mama yake Sadik, hakutaka kungoja. Ana duka la nguo na sukari karibu na msikiti, na Molu amekula katika duka lile tangu hajaota meno ya mbele. Sasa alikuwa amempigia simu kaka yake Abdikadir aje kutoka Bura, wazee wa pande mbili wakae Ijumaa baada ya swala, Molu atajwe mbele ya watu kuwa alimvunja mwanawe kwa mchezo. Ng'ombe wa baba yake Molu wangetoka kulipa fidia. Hilo lilimuumiza Molu, lakini alichokuja kuniambia asubuhi ile, akiwa amesimama mlangoni mwa gereji, kilikuwa kingine.

"Fundi, Sadik mwenyewe atanionaje? Akisikia wazee wamesema ni mimi, si basi?"

Niseme kidogo juu ya pikipiki yenyewe. Ilikuwa ndogo, nyepesi, ya umbo la mashindano, aliyoinunua Mombasa kwa mtu. Siku aliyoifikisha hapa, vijana wa stendi waliizunguka kama mtoto mchanga. Molu akawaambia ina klachi ya slipa. Akaeleza vizuri tu: ukishusha gia haraka, gurudumu linakwenda mbio kuliko injini, kwa hiyo injini hulivuta nyuma. Klachi ya kawaida hushika tu, liwalo na liwe. Hii hujilegeza kidogo, nguvu ile ipite, halafu ikashika tena. Gurudumu haliburutwi.

Adano, mmoja wao ambaye hana siku anayofunga mdomo, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Slipa ni za kwendea bafuni, ndugu yangu! Hiyo kitu ni ya mapikipiki makubwa, yale ya kwenye simu. Hii injini yako ya kikombe cha chai itavuta nini nyuma? Itavuta mbu?"

"Muulize fundi," Molu akasema.

Wote wakanigeukia. Nikawaambia sijui, sijawahi kuifungua moja. Adano akasema hilo ndilo jibu la kiungwana la kusema Molu ameuziwa mbuzi ndani ya gunia, na stendi nzima ikacheka.

Basi, siku ya pili baada ya ajali nilikwenda Idsowe kwanza, kabla ya kugusa bolti yoyote. Mahali penyewe ng'ombe hupanda kutoka mtoni na kuvuka lami, na kwato zao huacha tope linalokauka likawa vumbi laini. Nilitafuta alama ya tairi. Mtu akikanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu lifunge, tairi huchora mstari mmoja mweusi usiokatika. Niliyoikuta ilikuwa imekatikakatika, alama na nafasi, alama na nafasi, kama mshono wa cherehani. Niliifuata yote mpaka ukingoni.

Niliporudi, Molu alikuwa amekwisha kuileta pikipiki juu ya mkokoteni. Nilibana mkono wa klachi. Ulikuwa mgumu, wa kuumiza vidole.

"Ilikuwa hivi ulipoinunua?"

"Hapana. Ilikuwa laini kama siagi. Siku hizi ndiyo imekuwa ngumu. Nilidhani waya unataka grisi."

Nikamwaga oili, nikafungua kifuniko. Nilipotoa bolti ya kwanza ya springi, kitu kilianguka kwenye karai kikalia. Washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu katikati. Ikafuata nyingine, na nyingine. Chini ya kila springi palikuwa na washa zimepangwa moja juu ya nyingine, springi zimebanwa mpaka zimebaki na nafasi ya ukucha. Klachi ile ilitakiwa ijiinue yenyewe ili ilegee. Hapakuwa na pa kuinukia. Ilikuwa imefungwa kabisa.

Molu alikaa chini, pale pale kwenye oili.

"Nani ameniwekea hizi?"

Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo. Washa chini ya springi ni dawa yetu sote hapa. Klachi ikichoka ikaanza kuteleza, hakuna anayesubiri sahani mpya za klachi kutoka Malindi. Unaongeza washa, inashika, unaendelea na safari. Nimefanya hivyo mara nyingi nisizoweza kukumbuka. Lakini klachi hii haikuwa imechoka. Sahani zake zilikuwa mpya.

"Umemwazima nani?"

"Sadik peke yake. Alikwenda nayo kambi ya ng'ombe, kwa mjomba wake mwingine."

"Basi huenda iliharibika huko akaipeleka kwa fundi. Twende tukamuulize ni fundi gani."

Molu hakutaka kwenda Ngao, alikolazwa Sadik. Tangu ajali hakuwa amekanyaga hospitalini. Nilimpakia kwenye pikipiki yangu, tukaenda.

Hamdia alikuwa kando ya kitanda akimmenyea mwanawe chungwa. Aliitikia salamu yangu. Ya Molu aliiacha ipite. Sadik ndiye aliyefurahi, mguu wake mweupe wa plasta umelazwa juu ya mito.

"Fundi! Umeniletea mguu wa spea? Na wewe Molu, siku zote ulikuwa wapi? Nimekufa nikafufuka hujaja hata kunizika!"

"Nilikuwa..." Molu akaanza.

Nikauliza nilichokwenda kuuliza. Je, alipoiazima pikipiki ile, kuna fundi yeyote aliyefungua klachi?

"Fundi gani? Ni mimi mwenyewe!" Uso wake uling'aa. "Mmeziona? Nilitaka kunyamaza, lakini kwa kuwa mmeziona, semeni asante. Sikiliza, fundi. Kule kambini kila mchungaji alichaji simu yake kwenye betri ya pikipiki. Asubuhi nabonyeza, inalia tik tik tu. Haya, tusukume. Naweka gia ya kwanza, vijana wanasukuma, naachia klachi. Gurudumu linazunguka, injini kimya! Tena. Kimya! Tumesukuma jua lote mpaka tukapata lori la kutupa moto kwa waya. Nikajua tu, klachi hii imekwisha, na huyu bwana hajui. Nikarudi, nikaifungua, nikaitia washa vizuri. Nikaijaribu. Mnajua nini? Hatua chache tu, inashika papo hapo! Sikumwambia kwa sababu pikipiki yake ni kama bibi harusi, haguswi na mtu."

Alicheka. Akatutazama mmoja mmoja akingoja tucheke.

Nilimgeukia Molu. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, midomo imefunguka.

"Mbona mmekuwa hivyo?" Hamdia akauliza. Aliweka kisu chini. "Fundi. Hizo washa zinafanya nini?"

Nikamweleza, polepole, kama ningemweleza mtu anayenunua. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Watu wanasema pikipiki ndogo haihitaji kitu kama hicho," akasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo, mama. Lakini ndogo ni nyepesi. Ng'ombe wametokea, Molu ameshusha gia haraka, amebana breki ya mbele, uzito wote umekwenda mbele. Nyuma hakuna kitu. Hapo hata injini ndogo inatosha kulirusha gurudumu, hasa kwenye vumbi. Klachi ile ingelegea."

"Kwa hiyo bila washa asingeanguka."

"Siwezi kuapa. Ng'ombe walikuwepo, vumbi lilikuwepo. Ninachoweza kusema ni kwamba alama zile barabarani si za breki. Molu amesema kweli."

Sadik alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiutazama mguu wake kana kwamba ameletewa sasa hivi.

"Na kule kusukuma?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ilikataa kabisa, fundi. Nilifanya kosa gani?"

"Gia ya kwanza huivuta injini kwa nguvu sana, klachi hii inalegea. Ungeweka ya tatu, ingeshika."

"Ya tatu?"

"Ya tatu."

"Gia ya tatu *tu*?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alifumba macho. Machozi yalitoka hivyo hivyo, kope zimefungwa.

"Nilijua," Molu akasema. Ndilo neno lake la kwanza tangu Sadik ataje washa, na lilinishtua kuliko washa zenyewe. "Mtu aliyeniuzia aliniambia. Ukiisukuma, weka ya tatu. Nikakupa ufunguo, nikakwambia usiikwaruze rangi. Hilo ndilo nililokumbuka kukwambia."

Hamdia alisimama. Nilidhani anatoka. Alikwenda mpaka dirishani akasimama ametupa mgongo. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akakosea kubonyeza, akarudia.

Sauti ya Abdikadir ilikuwa kubwa, tuliisikia sote. Alisema kwa Kisomali kwamba yuko njiani, amewachukua wazee wawili, na kwamba maneno ya kusema Ijumaa ameyapanga yote, asiwe na wasiwasi.

"Rudi," Hamdia akasema kwa Kiswahili, pengine ili Molu aelewe.

"Nirudi? Yule kijana amekimbia?"

"Yupo hapa."

"Sasa?"

Hamdia alimtazama mwanawe, akautazama mguu, akamtazama Molu aliyekuwa bado ameshika kitanda. Kule simuni kaka yake aliita jina lake mara kadhaa, akidhani laini imekatika.

"Abdikadir," akasema. "Wenye kosa ni sisi."