Pengo Kwenye Makali

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa anaosha kisu pale dodoki liliponasa. Alipolivuta, uzi mmoja ukabaki unaning'inia kwenye makali. Akakigeuzia kisu dirishani. Karibu na ncha palikuwa na pengo, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Asubuhi halikuwepo.

Kisu chenyewe kilikuwa kipya, chembamba, kikali kama wembe. Mkewe alikileta kwa madaha na kuonya kisiguswe na mtu mwenye papara. Sasa, mwenye papara katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, na leo ndiye aliyeachiwa mtoto, maana likizo ya uzazi ya mkewe ilikuwa imekwisha.

Kosa alilijua papo hapo. Boga lilikuwa na ganda gumu. Kisu kilizama kikanasa katikati, naye badala ya kukichomoa taratibu akakisukasuka kushoto na kulia, kama alivyozoea kufanya na kile cha zamani. Cha zamani kilikuwa laini. Kikipinda unakinyoosha kwa nyundo, maisha yanaendelea. Hiki kilikuwa kigumu, na chuma cha aina hiyo hakipindi, humeguka. Mtu anayeshinda na vyuma kutwa nzima! Angefanya hivyo mteja wake, angemcheka hadi ashike mbavu.

Kisha boga hilohilo akalichemsha, akaliponda, akamlisha binti yake wa miezi tisa. Nusu bakuli.

Mtoto alikuwa mkekani, anagonga sakafu kwa kijiko cha plastiki. Kando yake alikaa mama mkwe, aliyekuja kusaidia, yaani kukagua. Mtoto akakohoa.

Amwambie mama mkwe? Huyu ndiye aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamume haachiwi mtoto mchanga. Akaamua atafute kwanza. Akikipata kipande, mambo yaishe kimyakimya. Akatoa sumaku kwenye mfuko wake wa kazi, akaipitisha juu ya maganda, juu ya kibao cha kukatia, kwenye tundu la sinki, kisha akapiga magoti sakafuni. Kilichonata ni pini ya nywele.

"Mkwe wangu, unatafuta nini huko chini ya jiko?"

"Msumari, mama. Umenidondoka."

"Misumari jikoni, na mtoto anatambaa!"

"Nautafuta, mama. Usijali."

Mtoto akakohoa tena. Fundi akainuka achukue bakuli, apitishe sumaku kwenye boga lililobaki. Mezani hapakuwa na bakuli.

Lilikuwa mapajani mwa mama mkwe, naye alikuwa analikomba.

"Umelipika vizuri, sikutegemea," alisema, akijitilia kijiko cha mwisho. "Ningeachaje litupwe?"

Bado angeweza kusema, tema. Neno moja tu. Lakini kwa aibu akasimama pale kama gogo, mpaka aliposikia meno yakisaga kitu. Mama mkwe akashika shavu. Akatema kiganjani. Ndani ya rojo la boga na damu paling'aa kipande cha chuma.

Alikitazama, kisha akaitazama sumaku mkononi mwa mkwewe.

Hata hivyo, Mungu amsamehe, fundi alifurahi. Kimepatikana! Mtoto mzima! Akakidaka kipande, akakimbilia kisu na kukipachika kwenye pengo. Upande mmoja kilikaa sawasawa. Upande wa pili palibaki wazi.

Akakigeuza. Akakisukuma. Bado palibaki wazi, upana wa punje ya mchele.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Kuna kingine. Nilijua tangu mwanzo, nikakudanganya. Na mtoto amekula nusu bakuli."

Bibi alikuwa amekwisha kumbeba mjukuu, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Chukua hicho kisu, daktari akione. Fungua mlango. Kukugombeza nitakugombeza njiani."

Fundi akaushika ufunguo. Yeye anayeunga vyuma siku nzima, tundu la kitasa likamshinda. Nyuma yake mtoto akakohoa. Bibi akamsogeza kando kwa kiwiko, akafungua mwenyewe.