Kibanda cha Pumzi

Mwezi wa nane Mboje alipandisha furushi la mwisho la pamba juu ya mengine, chumbani alikolala na mkewe, akalikanyaga likae sawa. Pamba ikafika dirishani. Milembe, mkewe, mwenye pumu tangu utotoni, alikuwa ukingoni mwa kitanda, kifua kikimlia filimbi.

Zamani pamba haikukaa ndani. Ikishachumwa, chama cha ushirika pale Migato kiliipokea. Sasa biashara ilikuwa huria, na huria yenyewe ilikuwa ya wanunuzi: walikuja walipotaka. Kila liliposikika lori, Mboje alitoka mbio, akarudi taratibu.

Upepo wa kiangazi ulipoanza kutimua vumbi, pumzi ya Milembe ilitoka. Ilipita juu ya mafurushi, ikashika njia ya Mwanhuzi kwa Kwandu, dada yake Milembe, mfugaji, ambaye ndani kwake hamkuwa na pamba. Milembe alibakiwa na kidogo tu, ya kupikia na kuitikia salamu. Kwandu akatuma salamu kwamba mgeni amefika salama.

Mganga wa zahanati alisema pamba isilale na mgonjwa. Hilo Milembe alilijua.

"Itoe nje, baba Salu," alimwambia mumewe.

"Ikiibwa? Ikinyeshewa?"

"Na mimi je?"

"Wewe si uko humu humu."

Mvua za kwanza zikanyesha na pumzi ikarudi, imelowa chapachapa. Ilisimama mlangoni, ikaiona pamba, ikageuza. Kisha mahindi yakachanua hadi ukutani, chavua ya mbelewele ikaingia na kila upepo, na hata ile pumzi kidogo ikawa inashinda porini. Milembe alilala ameketi. Mboje naye aligaragara, sikio barabarani. Aliogopa kumpoteza mke, na aliogopa kuipoteza pamba, na hofu zote mbili zililala kitanda kimoja.

Lori lilikuja mahindi yakikauka. Pamba ikaondoka, chumba kikafagiliwa, pumzi ikarejea kutoka Mwanhuzi ikiwa imenenepa. Milembe aliimba kanisani nyimbo zote hadi ubeti wa mwisho. Lakini pamba mpya ilikuwa imeshapasuka shambani, na furushi la kwanza lilipoingia chumbani, pumzi ilianza kuzunguka dirishani.

Mboje alimpenda mkewe, wala hakuna aliyesema vinginevyo. Alifyatua matofali, akajenga kibanda upande usiopata vumbi, mbali na mahindi, akakiezeka nyasi mpya na kukitia mlango wa bati. Pumzi ilikagua, ikahamia. Jirani yao Nyanjige alikuja kutazama, akatikisa kichwa.

"Mayu, mama yangu, wewe una mume," alimwambia Milembe.

Tangu hapo, kila jioni Milembe huenda kibandani, huvuta pumzi mpaka imtoshe, hukaa kidogo. Jioni moja alikipima kwa macho, kuta hadi paa. Mboje alikuwa mlangoni, akimsubiri.

"Pamba yote ingeenea humu," Milembe alisema.

"Pamba ina wezi," Mboje alijibu kwa upole. "Pumzi nani ataiiba?"

Milembe aliurudishia mlango polepole asiiamshe pumzi, akaenda ndani kulala na pamba.