Basani Moja, Bazee Bote

Miye natumika ku nyumba ya bazee, hapa Ruashi, ya bamasœur ba kanisa. Naogesha bazee, nabadilisha madra ya kitanda, napeleka chakula. Na ile juma, kila asubui mavi tu. Karibu bote balikuwa banaharisha.

Miye nilijua juu ya nini. Saa ya midi, bukari, ugali yetu, iko ku meza, Mama Exaucée wa jikoni analeta basani ya mayi. Moja! Baba Stanislas, juu njo muzee kupita bote, anatia mikono ya kwanza. Ule ule mwenye nilimupangusa asubui. Kiisha basani inazunguka, inazunguka, na ku mwisho inafika kwa ule mama muzee, Kambo Agnès, mayi ikishakuwa rangi ya chai.

Na Kambo Agnès alitoka hôpital siku ya lundi. Docteur alisema akiharisha tena, atakufa.

Miye nasema: "Exaucée, mwanga ile mayi inje! Leta kopo na sabuni."

"We Doudou," Baba Stanislas anasema, "unaona miye niko muchafu?"

"Baba, asubui nani alikupangusa?"

Bote banacheka. Ye apana. "Kukataa mayi ya mwenzako ni kumuita mulozi."

"Haiko bulozi, Baba. Ni mavi!"

"Doudou! Kinywa yako!" Masœur Syntiche analalamika ku mulango.

Kinywa yangu! Mikono yabo, hakuna mwenye anaiona.

Nikabeba basani, nikamwanga mayi inje. Nikajaza kopo, nikapiga magoti mbele ya Baba Stanislas, vile muko anapigaka kwa baba ya bibi mwenye alioa.

"Leo niko muko wako. Leta mikono."

Akaniangalia sana. Akanyoosha. "Muko mubaya," akasema, mais alisugua na sabuni mpaka mu vidole.

Kiisha kila muntu alitaka muko, nikanawisha bote.

"Miye sina binti ya kukupa," Kambo Agnès anasema.

"Basi nitakuoa weye."

Njo pale Clément, mutoto ya Baba Stanislas, anatoka kuchimba, anaingia na vumbi ya mine ku mikono. "Jambo benu!" Anakamata mukono ya baba yake. Ya mwenye kufwata. Ya kila muntu! Vraiment, nilitaka kulia.

Anafika kwa Kambo Agnès. Kambo anaficha mikono chini ya kitenge.

"Ngoja. Muko wangu bado hayakunawisha weye."

Clément anabaki na mukono mu hewa. Bazee banacheka, ata Baba Stanislas.

Naangalia mu kopo. Mayi imeisha, bien sûr.

"Exaucée! Mayi! Tunaanza tena na bote!"