Kanda ya Leona Pruitt

Leona Pruitt alikata sauti kwa wembe mwaka mzima. Alinasa mngurumo wa mashine ya kukaushia mahindi shambani kwa baba yake, akauchanganya na milio ya mitambo ya redio iliyotupwa na jeshi, kisha akaunga vipande vya kanda kimoja kimoja kwa gundi. Mimi nilikuwa nimefika Illinois na malori ya mavuno, baridi ikanikwamisha, nikapata kibarua kwake katika studio ya chuo: kushika kanda ndefu kwa penseli huku ikizunguka chumba.

Shahada yake ya muziki ilitegemea kanda hiyo. Ila sheria ya chuo ilitaka muziki uandikwe kwa nota, naye alikataa.

"Nota gani?" aliniuliza. "Za mahindi?"

Siku ya mtihani Profesa Haverkamp, mkuu wa idara, alimfuata Leona mpaka kwenye mashine ya kupigia kanda.

"Kaa, binti. Mimi nilikuwa naendesha gramafoni kabla hujazaliwa."

Sisi wa studio kanda ikishapigwa hatuirudishi. Tunaiweka vilevile, mkia, yaani mwisho wake, ukiwa nje, isije ikaharibika. Anayetaka kuisikiliza huizungusha kwanza irudi mwanzo. Haverkamp aliipachika kama alivyoikuta. Leona akafungua mdomo.

"Ssh!" Haverkamp akamkatiza. "Tunasikiliza."

Akaufunga. Akakunja mikono.

Ikapigwa kinyumenyume yote. Kila mlio ulivimba, kisha ukakatika ghafla, kama mtu anayemeza maneno yake. Daktari Whitlow, mpiga kinanda wa kanisani na mtahini wa pili, aliitikia kwa kichwa.

"Haina umbo," Haverkamp akasema ilipokwisha. "Ungeandika nota tungeona mwanzo uko wapi."

"Mwanzo uko mwisho, Profesa. Umeipiga nyuma mbele."

Whitlow akakohoa. "Mimi hata hivyo imenipendeza."

"Asante, Daktari, lakini hiyo si yangu. Sasa kaeni msikilize yangu."

Kupigwa kinyume kulikuwa kumeirudisha kanda mwanzo, hivyo akaipachika tu upya. Akafungua dirisha, akageuza spika moja iangalie nje.

"Funga hilo! Watu wako darasani!"

"Si wamekuja kusoma?"

Mara hii mashine ya mahindi iliwaka kutoka mbali, ikakaribia, ikajaza chumba hadi vioo vikatetemeka. Nje wanafunzi walisimama kwenye majani na vitabu vyao. Mmoja alizomea. Mwingine akamwambia anyamaze.

Ilipoisha, Haverkamp akasema kwa upole, "Bibie, niletee nota zozote. Za kubuni tu. Nani atakagua? Nitatia sahihi leo leo."

Whitlow alikuwa ameshatia yake. Zilihitajika mbili.

"Niandike uongo ili kazi ya kweli ipite?"

"Uandike karatasi upate shahada. Wenzako wote wamefanya hivyo."

"Basi wape wao."

Uso wa Haverkamp ukawa mwekundu. Akafunga kalamu yake, akanyoosha mkono. "Ufunguo wa studio. Wewe si mwanafunzi wetu tena."

Leona akaketi mezani, akachukua wembe.

"Njoo uuchukue kesho, mzee. Leo nina kazi." Akanigeukia. "Na wewe unangoja nini? Shika kanda."

Nikashika.