Mkate Uliokataa Kuumuka

Mkate wa nane ulikuwa bado jikoni wakati blenda ilipoanza kunuka moshi. Sharifa akaizima, akaipapasa mgongoni kama mtu anayembembeleza punda aliyegoma. "Minne tu, mpenzi wangu. Minne tu, kisha upumzike."

Blenda haikujibu, lakini haikumgombeza pia, na katika nyumba ile ya Muaither, Doha, hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Desemba 2017. Saa tisa alasiri familia nzima ilikuwa inaruka kwenda Austria kuteleza kwenye theluji, siku kumi na mbili, na Jawaher, kitinda mimba wa miaka sita, alitakiwa apate mkate wake kila siku ya Mungu. Jawaher haruhusiwi ngano. Akionja hata pembe ya biskuti, tumbo humvimba, hutapika, siku mbili shule haioni. Daktari alisema utumbo wake haupatani na gluteni, kitu kilichomo kwenye ngano na shayiri, na tangu siku hiyo jiko likagawanywa kama mali ya marehemu. Upande wa dirishani sufuria zenye utepe mwekundu, za Jawaher peke yake. Upande wa friji, za walimwengu waliobaki. Mlangoni ikabandikwa karatasi: chakula cha Jawaher hakiguswi na mtu mwingine yeyote.

Mkate wa boksi usio na gluteni ulikuwa riyali ishirini na mbili kabla nchi jirani hazijafunga mpaka mwezi wa sita. Sasa ulikuwa thelathini na nane, ukiupata, na ugumu wake ni ule ule. Jawaher alikuwa akijengea nyumba ya mwanasesere. Ndipo Sharifa, kwa kumhurumia, akampikia mkate wa kumimina kama wa kwao Wete: mchele uliorowekwa, tui, sukari, hamira, iliki. Ngano hata ya dawa hamna. Mtoto akala vipande vinne, akalamba sahani. Toka hapo Madamu Noora, mama wa mtoto, akawa anawaambia mashoga zake kwamba ameuvumbua yeye mwenyewe, baada ya utafiti mrefu.

Sharifa hakubisha. Alikuwa na lake.

Kwa miaka miwili Sharifa alikuwa akila cha upande wa friji. Asubuhi khubz, ile mikate bapa ya ngano, na chai, usiku khubz na chochote, mchana makombo ya wali wa nyama wa wenye nyumba. Siku za wali alikuwa mzima, akipandisha ngazi na ndoo mbili. Siku za mikate na makaroni, tumbo lilijaa kama ngoma ya kuwambwa, akawa anaishi chooni. Mara mbili madamu alimwona na tumbo lile, akaleta kijiti cha kupimia mimba na kusimama mlangoni mwa choo mpaka kijiti kiseme. Mara zote mbili kikasema hamna kitu. Kwa hiyo Sharifa alikuwa amepimwa mimba mara mbili, na ngano mara sifuri.

Aliyemfumbua macho ni Nyanchama, nesi Mkenya aliyeletwa nyumbani kuwafundisha mapishi ya Jawaher. Walibadilishana namba pale pale jikoni, na wiki iliyopita alimtumia sauti kwenye WhatsApp: "Sharifa, si hiyo ni kitu moja na ya mtoto? Aki ya nani, mwambie madam akupeleke upimwe damu, ni kitu ya dakika mbili! Kwa sasa kama inakuumiza hivo, kula mchele, wachana na mikate. Na mimi niko Al Wukair na madouble shift, hata kulala sijui ni nini. Sorry, dada."

Sharifa akamwelezea kaka yake Makame, kule Wete. Makame akacheka hadi simu ikakwaruza. "Ugonjwa wa ngano? Wewe? Uliyekuwa ukimaliza maandazi ya msibani kabla maiti hajatoka? Nyie, njooni msikie! Sharifa keshakuwa Mwarabu!" Nyuma yake watu wakaangua kicheko, na katika kicheko kile Sharifa alikisikia cha mama yake.

Basi hakuwaambia tena.

*

Saa nne mikate kumi na miwili ilikuwa mezani, imefungwa kwa karatasi ya fedha kama zawadi za harusi. Nassoro, dereva, Mdigo wa Tanga, akaja na mzani wa kuning'inizia mabegi. Na yeye alikuwa anaondoka: akishawafikisha uwanjani, anapanda ndege yake ya likizo, miezi miwili.

"Kilo ishirini na nane, da' Sharifa. Begi la chakula tupu! Hawa wanakwenda kuteleza au wanakwenda vitani?"

"Mwisho ishirini na tatu," madamu alisema kutoka ngazini. "Punguzeni."

Wakatoa makopo ya hummus, wakatoa chupa ya asali. Ishirini na tano. Madamu akainama mwenyewe, akatoa mfuko wa mchele aliokuwa ameupanga kwa dharura, akausukuma stoo kwa mguu. Ishirini na tatu kamili. Sharifa akaufuata ule mfuko kwa macho hadi ukaingia gizani.

"Njoo nikuonyeshe chako," madamu akamwita.

Juu ya meza ya upande wa friji: katoni mbili za tambi za Indomie, pakiti sita za makaroni, na khubz friza nzima. "Yule aliyekuwepo kabla yako alikuwa akipenda sana Indomie. Huwezi kulala njaa."

Sharifa alikuwa amelikariri neno lake usiku kucha, kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Madamu, niachie mchele. Kilo tatu tu."

"Mchele upo stoo, na stoo naifunga. Ufunguo anao Hessa." Hessa ni wifi yake, anakaa Umm Salal. "Yule wa kabla yako, tulipokwenda London, alituma kwao katoni saba. Sisemi kwamba wewe ni mwizi. Ila nimefundishwa."

"Madamu, mimi nafikiri nina ugonjwa wa Jawaher. Nikila khubz, tumbo…"

Madamu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Sharifa zaidi. Alicheka kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba akikua atakuwa ngamia. "Sharifa, huu ni ugonjwa wa ukoo! Umeupataje wewe, kwa kuosha vyombo?"

"Sijui, madamu. Labda nilizaliwa nao. Nesi amesema nikipimwa damu…"

"Tukirudi, inshallah."

Inshallah ni neno tukufu, lakini aliyefanya kazi kwenye nyumba za watu anajua iko ya Mungu na iko ya madamu. Sharifa akaitikia, "Haya."

"Na getini usitoke. Kamera naiona kwenye simu yangu. Nikikukosa, Hessa ataripoti kwamba umetoroka, na mimi nitakuwa mbali, siwezi kukutetea."

Nje, Nassoro akifunga buti la gari, alimwona uso. "Amekataa?"

"Amekataa."

"Ningekununulia mie, wallahi, lakini muda…" Akatazama saa. Akapekua mfukoni, akampa ndizi mbili alizokuwa ameziweka za njiani. "Shika, dada'ngu. Usilie mbele yao."

"Nani analia? Vitunguu."

"Leo hukukata kitunguu hata kimoja."

"Vya jana, Nassoro. Vina nguvu."

*

Siku ya kwanza alikula ndizi. Ya pili alikula Indomie, kwa sababu njaa haina daktari, na jioni yake alikuwa ameinama juu ya ndoo ya kudekia. Ya tatu hakula kitu. Alilala sakafuni, kwenye marumaru, maana baridi yake ilimpoza tumbo. Nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anasikia friji ikimeza mate. Alimpigia Makame, akakata kabla hajapokea. Angemwambia nini? Kwamba Doha, kwenye nyumba yenye stoo kubwa kuliko duka la Wete, yeye ana njaa?

Saa saba mchana simu ikaita kwa video. Madamu, mashavu mekundu, kofia ya manyoya, nyuma yake weupe mtupu kama shuka la hospitali. Na sauti ya Jawaher ikilia.

"Sharifa, balaa! Hoteli wamekataa mikate yetu. Wanasema sheria za usafi, chakula cha nje hakiingii jikoni mwao. Wameitupa."

"Yote, madamu?"

"Yote kumi na miwili. Lakini wana mpishi maalumu, anapika bila gluteni kila kitu, hata keki. Tatizo huyu mtoto hataki! Anataka wako tu. Mpishi amesema atautengeneza yeye, nimpe vipimo. Haya, sema, naandika."

Sharifa aliikodolea simu. Kumi na miwili. Aliona pipa la taka huko Austria, limejaa iliki ya kwao.

Vipimo alikuwa anavijua kama jina la mama yake: vikombe viwili vya mchele ulale ndani ya maji, kikombe na nusu cha tui zito, kijiko cha hamira, sukari robo tatu. Vilimfika kwenye ulimi, vikapanga foleni.

"Madamu," akasema, "mimi sina vipimo."

"Vipi huna?"

"Sisi kwetu hatupimi kwa kikombe. Tunapima kwa mkono. Mkono wangu ndio unaojua, mimi sijui. Mpaka niupike, halafu nipime huku napika, ndipo nikuandikie."

"Basi upike!"

"Kwa mchele upi, madamu?"

Madamu akasema Hessa atakuja na ufunguo. Jawaher akasikika akipiga mateke kitu cha mbao.

Hessa alifika baada ya saa moja na nusu, na miwani yake ya jua hakuivua. Alifungua stoo, akamwamuru Sharifa atoe gunia la basmati la kilo kumi na makopo ya tui, akafunga, akaangalia saa. "Umenitoa kwenye shughuli zangu kwa ajili ya mkate?"

"Samahani, bibi. Ni kwa ajili ya Jawaher."

Gari likaondoka. Mchele ukarowekwa, na asubuhi yake Sharifa akasaga, akamimina, akafunika. Mkate ukaumuka. Uliumuka mpaka ukagusa kifuniko, mweupe, wenye vishimo kama sega la asali, haujapata kutoka mzuri vile tangu aje Qatar. Akautazama. Kisha akachukua simu, akaandika.

"Madamu, leo umekataa kuumuka. Nadhani maji yamezidi. Nitajaribu tena kesho."

Jibu likaja upesi, na viganja viwili vya dua: "Jaribu, mpenzi. Jaribu mpaka upatie."

Mtoto ana mpishi mzima wa kwake, Sharifa alijiambia. Alijiambia mara mbili, maana ya kwanza haikuingia. Gunia lilikuwa la kilo kumi, na siku zilizobaki zilikuwa nane. Ya nane ndiyo mkono ungekumbuka vipimo.

Akakata kipande kikubwa, chenye moto bado, akakaa chini upande wa dirishani. Kwa mazoea tu, kama ifanyavyo kwao kabla ya mtu kutia kitu kinywani, akainua uso na kusema, "Karibuni."

Hakuna aliyeitika. Akala.