Sukari ya Inspekta

Kijiko kiligonga kikombe, ting, ting, ting, kabla hata jogoo wa jirani hajajikohoza. Tryphena, ambaye majirani walimwita Mama Pauline, alikuwa anakoroga asali kwenye maji ya moto na limau. Ilikuwa dawa ya kikohozi chake tangu Jumapili, mpwa wake alipomletea kidumu cha asali kutoka Kishushe. Alipomaliza kunywa alilamba kijiko, akalamba na kidole gumba, akaita, "Inspekta, njoo kazini."

Inspekta alikuwa paka. Marehemu Donald, mume wa Tryphena, alikuwa mkaguzi wa tikiti kwenye treni, na alimpa jina hilo kwa sababu hakuna sufuria iliyopita jikoni bila kukaguliwa. Donald aliugua kisukari miaka kumi na mmoja. Alipofariki, mashine yake ya kupimia sukari ilibaki kabatini na paka akabaki juu ya kiti chake. Mwaka haukuisha, paka naye akaanza kukonda na kunywa maji kama ng'ombe. Daktari wa mifugo, Muasya, mtu wa kutibu mbuzi na ng'ombe wa ranchi, alimpima mara mbili, akasema ni ugonjwa ule ule wa mzee. Tryphena alicheka kwanza. Halafu akalia, kwa sababu alikuwa amemwahidi Donald kumtunza paka, na nyumba ile haikuwa na mwingine wa kusalimiwa asubuhi.

Basi kila asubuhi alilipasha joto sikio la Inspekta kwa vidole, akalichoma ukingoni, akachukua tone la damu, akasoma mashine. Chakula, kisha sindano, uniti moja. Namba zilikuwa zimetulia kwenye tisa, kumi. Lakini Jumatatu zikaruka hadi ishirini na nne. Jumanne ishirini na sita. Jumatano ishirini na tano. Muasya akamwambia kwa simu kwamba Alhamisi zikizidi ishirini tena, apandishe dawa hadi uniti mbili. Ila awe na hakika, kwa maana dawa ikizidi, sukari itashuka mpaka chini na paka anaweza kulala asiamke.

Tryphena hakuwa na haja ya kutafuta mkosaji. Alimjua: Mbithe, yaani Mama Mwendwa, jirani aliyemletea maziwa kila asubuhi na ambaye hakuwahi kupita bila kumbembeleza paka kwa kipande cha andazi. Jumanne, pale langoni, mbele ya akina mama wawili wa kanisani, alimwambia kwamba mandazi yake yanamuua Inspekta. Mbithe alimimina maziwa akaenda. Jumatano hakuingia, lakini maziwa yalikuwa langoni, yamefunikwa kitambaa safi na kuwekewa jiwe juu ili upepo usikipeperushe. Tryphena aliliona lile jiwe. Alijifanya hakuliona.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na mashine ikaonyesha ishirini na tano. Akavuta dawa hadi mbili. Akaiweka sindano mezani ili kwanza ampe Inspekta chakula, na ndipo alipoona sisimizi wamepanga foleni juu ya meza, wakiiendea mashine.

"Maskini Inspekta," alisema. "Habari zako zimewafikia hadi sisimizi."

Lakini sisimizi waliipita mashine bila kusimama. Walikuja moja kwa moja hadi kwenye kidole chake gumba, ambacho hakikuwa na damu ya paka hata chembe. Alikinusa. Akakilamba. Asali ya Kishushe tupu.

Tryphena aliketi. Kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja Donald alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kujipima, na kila asubuhi yeye alimuuliza kama anajiandaa kupasua mtu. Hakuwahi kuuliza sabuni ni ya nini.

Akanawa mpaka viwiko. Akalifuta lile sikio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akachoma tena, na Inspekta akamtazama kama abiria asiye na tikiti. Tisa nukta sita. Alimwaga dawa iliyozidi, akamlisha, akamdunga uniti yake moja, kisha akajaza asali kwenye chupa na kwenda kwa Mbithe.

Mbithe alikuwa anachuja maziwa. Hakuinua uso.

"Mama Mwendwa, si wewe," Tryphena alisema. "Ni mimi na kidole changu."

"Kidole gani?"

Akakionyesha. Akasimulia yote, hata kulamba hakukuficha. Mbithe alisikiliza kama hakimu, mpaka hadithi ilipofika kwa sisimizi. Hapo mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko.

"Kwa hivyo mwizi alikuwa mkononi mwako, na polisi ni sisimizi."

"Ndiyo."

"Na ulinisema mbele ya watu."

"Nilikusema. Jumapili nitawaeleza hao hao kuhusu kidole."

Tryphena alipomnyooshea chupa ya asali, Mbithe hakuipokea. Alimwonyesha kwanza beseni na sabuni. Tryphena akanawa. Ndipo akapewa kigoda na chai, wakakaa mpaka jua likapanda, na hakuna aliyemtaja paka tena.

Alipoinuka kwenda, Mbithe alimsindikiza hadi barabarani.

"Kesho uje tena, Mama Pauline," alisema. "Siku hizi mbili sikupata wa kuniudhi."